Kujijengea jina ukiwa huna kazi

Watafuta kazi wengi Tanzania hushinda wakirembesha CV na kuwasahau watu watakaoulizwa habari zao. Maswali yafuatayo ni yale yanayojirudia zaidi.

Nilitunza stoo miaka mingi, nikapunguzwa. Nikiulizwa natafuta nini, najibu "kazi yoyote". Nakosea?

Unakosea, na jibu hilo huumiza wengi kuliko CV mbaya. Anayesikia "kazi yoyote" anakuonea huruma, kisha anakusahau kwa sababu hukumpa cha kukukumbukia. Mwezi ujao bosi wake akilalamika kuwa mzigo unaharibikia ghalani, jina lako halimjii. Mwambie hivi: "Nimepunguzwa, natafuta. Nilikuwa natunza ghala la dawa. Iliyokaribia kuisha muda ndiyo niliyoitoa kwanza, na kila mwezi vitabu vyangu vililingana na kilichopo kwenye rafu." Ni maneno ya nusu dakika, na aliyeyasikia anaweza kumweleza mwingine wewe usipokuwepo. Jina hujengwa hapo, kwenye mazungumzo usiyoyasikia.

Kisha kusanya ushahidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi mfanyakazi ambaye ajira yake imekoma. Wengi huondoka na hasira na hawakidai. Kifuate, hata kama ni kwa barua.

Halafu wadhamini. Matangazo ya kazi za serikali kwa kawaida hudai watatu, na watu hujaza majina ya wakubwa ambao hawajaongea nao kwa miaka. Mpigie kila mmoja kabla ya kumwandika. Mweleze unaomba kazi gani na umkumbushe jambo moja mlilolifanya pamoja. Mdhamini aliyeshtukizwa na simu ya mwajiri hubaki kusema "ndiyo, namfahamu, ni kijana mzuri", na hapo hajakusaidia chochote. Bora msimamizi wa zamu aliyekuona ukihesabu maboksi kuliko mkurugenzi uliyepiga naye picha siku ya Mei Mosi.

Nimemaliza chuo, sijawahi kuajiriwa. Nijenge jina kwa kipi?

Kwa kazi moja iliyokamilika, hata ndogo. Kama umesomea uhasibu, muombe mwenye duka la mtaani akuachie daftari la madeni ulipange vizuri kwa miezi miwili. Mwishoni atajua nani anadaiwa nini, na wewe utakuwa na mtu mzima anayeweza kusema kwa kinywa chake ulichomfanyia. Asiyepita chuo naye ana njia: fundi aliyejifunzia gereji bila kuingia darasani anaweza kwenda VETA kupimwa na kurasimishiwa ujuzi wake, akapata cheti.

LinkedIn au WhatsApp?

Inategemea nani huwapa kazi watu wa fani yako. Mhasibu, mtu wa kompyuta au wa miradi ya mashirika ajiweke LinkedIn, na mstari ulio chini ya jina utaje kazi anayoifanya badala ya "mtafuta kazi mwenye bidii". Fundi umeme atafaidika zaidi na status ya WhatsApp: picha ya kazi, mahali ilipofanyika, tatizo lililokuwepo. Na amzoee mwenye duka la vifaa vya umeme, maana wateja humuuliza huyo kwanza. Malalamiko ya usiku wa manane yasiingie status. Bosi wako wa zamani hajibu, lakini anasoma.

Je, jina zuri linasaidia kwenye Ajira Portal?

Kidogo sana. Kwenye mfumo huo wa maombi ya kazi za serikali, Sekretarieti ya Ajira inaangalia sifa zilizotajwa, vyeti na matokeo ya usaili. Huko hakikisha tu majina yako yanafanana kwenye vyeti vyote na kwenye kitambulisho cha NIDA. Yakitofautiana, shughulikia hati ya kiapo mapema, usisubiri kuitwa.

Nimekaa miaka miwili nikiuza mitumba. Nifiche?

Usifiche, na usijiandikie "mkurugenzi" wa kampuni isiyokuwepo. Andika biashara ya nguo, mwaka wa kuanza na wa kumaliza, na ulichosimamia: kununua balo, kupanga bei, kufuatilia madeni. Aliyewahi kupoteza mtaji kwenye balo bovu anajua mambo ya hatari na bei ambayo mhitimu mpya hajayaona.

Nifanye kazi bure ili nijulikane?

Kwa muda mliokubaliana, na kwa kitu kitakachobaki na jina lako. Wiki mbili, sawa. Ukiona mwezi wa tatu unapita na bado unaambiwa "tutakuangalia", wamekwisha kukuzoea bure. Ili njaa isikulazimishe kukubali, kama ulikuwa mwanachama wa NSSF na hukuacha kazi mwenyewe, kaulizie fao la kukosa ajira. Anayetimiza masharti, ikiwemo michango ya angalau miezi 18, hulipwa takriban theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Ni fedha ndogo, lakini inakupa nafasi ya kukataa.

Kuna mtu anasema atanipigia debe nikimtumia hela kidogo ya fomu.

Huyo ni ndugu wa matapeli wa SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii". Usitume.