Mlinzi wa Usiku Aliyekuwa Msanii



Vijana wenzangu, nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa kwaya yetu alileta picha aliyoichora kwenye kikao cha vijana. Ilikuwa ya Mama Maria, lakini mikono mirefu ajabu na uso wa kijani. Tukacheka. Mimi ndiye niliyesema, "Sasa hii ndiyo nini?" Akaikunja, na hakuleta nyingine tena. Leo nina shahada ya falsafa, ila neno lile bado linanisumbua.

Ndiyo maana habari za Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam zinanigusa. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mtawa wa Maryknoll, Sista Jean Pruitt, ili wenye vipaji wapate mahali pa kufanyia kazi. Pale aliajiriwa Mmakonde mmoja, George Lilanga, kama mlinzi wa usiku. Kumbe mlinzi huyo alikuwa mchonga vinyago! Kazi zake zilipoonekana, alipewa nafasi. Mwaka 1978 zilionyeshwa Washington, Marekani.

Na alichora nini? Mashetani! Viumbe wenye masikio makubwa, wanaocheza na kucheka. Najua wengine hapo mmeshafanya ishara ya msalaba. Lakini hebu tulia kidogo. Katika uchongaji wa Kimakonde, "shetani" ni kiumbe wa masimulizi ya mababu, si lazima awe yule Ibilisi wa katekisimu. Asiyeuliza hawezi kujua hilo. Atahukumu tu na kuondoka.

Tujifunze mambo mawili.

Kwanza, sanaa ya kisasa si mali ya wasomi na wenye fedha. Kama mlangoni wangetazama cheti, Lilanga angebaki na rungu na tochi. Hata leo pale Mikocheni ipo Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008. Wasanii wanafanya kazi ndani ya makontena ya mizigo, na maonyesho yako wazi kwa umma. Nenda siku moja. Usiogope kutoelewa, muulize msanii, "Ulikuwa unawaza nini?"

Pili, tazama kabla ya kuhukumu. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba uzuri unagusa uwezo wetu wa kujua. Yaani kutazama ni kazi ya akili pia, na akili inahitaji muda. Hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, ulieleza kwamba Kanisa halikuufanya mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake peke yake. Sasa mimi ni nani niliyekataa uso wa kijani kwa sekunde tano?

Wiki iliyopita nilimpigia yule ndugu yangu nikamwomba msamaha. Akacheka. Akasema bado anachora, ila hamwonyeshi mtu. Nimemwomba nikazione. Hajanijibu bado.

Maswali ya kujitafakari:
1. Ni kipaji cha nani nilichokizima kwa kicheko?
2. Katika jumuiya yetu, nani tunamwona mlinzi tu?

Tuombeane.