Somo la Maji: Mfereji Ukitoka Kidogo, Tuanzie Wapi?

Ndugu Wanachama,

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mikarafuu, majamvi na bei. Leo naomba ruhusa tuzungumze juu ya maji ya nyumbani, maana wengi wetu tuna watoto na ndugu waliohamia Dodoma, na khabari wanazotuletea ni moja: maji yapo, lakini hayana nguvu.

Kwanza yafaa tuujue mji wenyewe. Dodoma iko katika uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, wala haifiki nusu ya mvua yetu ya Pemba. Maji mengi ya mji hupandishwa kwa pampu kutoka visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, yakawekwa katika matangi ya mahali pa juu, kisha yakateremka majumbani. Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu huko, na tangu mwaka 2016 watumishi wamehamia kwa wingi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya 2022 ilihesabu 765,179. Si ajabu maji kuwa ya mgao.

Lakini si kila udhaifu wa mfereji hutokana na mgao. Septemba ya mwaka jana nilimzuru kaka yangu huko. Shemeji alikuwa akiamka alfajiri kukinga maji, na fundi mmoja alikwisha washauri wanunue pampu. Nikawaambia, "Ngojeni kwanza tupime."

Tulifanya hivi, na kila mwanachama aweza kufanya vivyo hivyo.

1. Pima. Kinga ndoo ya lita 20 kwa saa ya mkononi. Kwetu ilijaa kwa dakika 8, yaani lita mbili na nusu kwa dakika. Kwa jirani, saa ile ile, ilijaa kwa dakika 3. Basi tukajua kuwa ila iko kwetu, si katika bomba la mtaa. Kama jirani naye angekuwa hivyo, dawa ingekuwa kupeleka khabari kwa mamlaka ya maji.

2. Tazama koki ya karibu na mita. Mara nyingi mtu huifunga kwa matengenezo, kisha huirudisha nusu. Yetu ilikuwa wazi kabisa.

3. Funga mifereji yote, utazame mita. Ikizunguka, maji yanavuja. Yetu ilizunguka. Tukafunga na koki ya kuingilia nyumbani, ikazidi kuzunguka. Maana yake, ufa uko baina ya mita na nyumba.

4. Tafuta mahali penye unyevu. Uani palikuwa na mpapai, majani kibichi kabisa, na ilhali mji mzima umekauka. Shemeji akiusifu kwa kila mgeni. Tulipochimba chini yake tulikuta kiungo cha bomba kimeachana.

Katika nusu saa mita ilikuwa imehesabu lita 90. Maji yakitoka mchana kutwa na usiku kucha, hizo ni lita 4,320, yaani ndoo 216 kwa siku, na zote hulipiwa. Tena kuna hatari kubwa kuliko fedha. Maji ya mgao yakikatika, bomba huvuta kilicho nje yake, mchanga na uchafu, navyo huingia katika maji wanayokunywa watoto. Lau wangefunga pampu juu ya bomba lile, lingevuta zaidi. Kwa hiyo pampu isifungwe moja kwa moja katika bomba la mtaa. Hata jirani hudhulumiwa. Maji yaingie tangini kwanza, ndipo pampu ivute tangini.

Baada ya kiungo kutengenezwa na bomba kusafishwa, ndoo ilijaa kwa dakika 3. Mfereji wa jikoni peke yake ulibaki dhaifu. Tuliufungua mdomo, tukakuta kichujio kimezibwa na mchanga na chokaa, maana maji ya huko ni magumu. Kukiloweka usiku mmoja katika siki kulitosha.

Mambo matatu ya kukumbuka. Maji yakirudi baada ya mgao, hewa huweza kuziba njia. Fungua mfereji wa juu na wa chini mpaka iishe kutoka. Bomba la chuma la zamani huota kutu ndani. Upana wake ukipungua kwa nusu, nafasi ya maji hubaki robo tu, basi libadilishwe. Na tangi likiwa chini halina nguvu: kila mita 10 za kimo huzaa msukumo wa baa 1, hivyo tangi la mita 3 hutoa chini ya theluthi ya baa.

Haya yanatufaa hata sisi huku visiwani. Mkarafuu ukinyauka hatuukati kabla ya kutazama mizizi. Na bomba ni vivyo hivyo. Mwenye swali na alilete ofisini, tutalitazama pamoja.

Katibu wenu