Kutafuta Chanzo cha Kuchelewa kwa Kibodi na Kipanya Visivyo na Waya

Muda wa kawaida wa kuhudumiwa kwa mfumo wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa sababu hiyo, kompyuta za shule zenye uwezo wa kutosha huhamishiwa Windows 11. Baada ya kazi hiyo huweza kutokea jambo la kuudhi: mshale wa kipanya husitasita katika skrini, na herufi huchelewa kutokea baada ya vibonye kubonyezwa.

Jambo hili si dogo darasani. Mtoto wa darasa la tatu anayeandika jina lake, asipoona herufi, hubonyeza tena na tena. Kisha herufi zote hutokea kwa mkupuo, na jina huharibika. Mwalimu asiyejua chanzo humhesabu mtoto huyo kuwa mzembe, na mtoto naye huanza kuamini kwamba kompyuta hawezi. Aidha, shule huweza kutumia fedha kununua vifaa vipya ilhali vya zamani ni vizima. Katika makala hii tutaeleza jinsi ya kutafuta chanzo cha kasoro hiyo, na jinsi ya kuifanya kazi hiyo kuwa somo.

Kwanza yafaa tufahamu vifaa vyenyewe. Kibodi na kipanya visivyo na waya ni vituo vidogo vya redio. Hupeleka habari kwa mawimbi ya gigahezi 2.4 hivi, ama kwa kipokezi kidogo kilichochomekwa katika tundu la USB, ama kwa njia ya Bluetooth. Eneo hilohilo la mawimbi hutumiwa pia na Wi-Fi nyingi. Habari ikipotea njiani hulazimika kupelekwa tena, na hapo ndipo mshale husita.

Pili, tujihadhari na kosa la kufikiri lililo la kawaida sana, yaani kudhani kwamba kila kinachofuata jambo kimesababishwa na jambo hilo. Kabla ya kubadilisha mfumo, ni desturi kuhifadhi nakala za mafaili katika diski ya nje. Mara nyingi diski hiyo ni ya USB 3.0, na huenda ikaachwa imechomekwa jirani na kipokezi cha kipanya. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo kwamba vifaa na nyaya za USB 3.0 hutoa makelele ya redio katika eneo la gigahezi 2.4 hadi 2.5, na kwamba makelele hayo huweza kuvisumbua vipokezi vilivyo karibu. Basi lawama huangukia Windows 11, kumbe msumbufu ni diski iliyosahauliwa.

Hata hivyo, mfumo mpya nao huweza kuwa na lawama yake. Baada ya kuwekwa, huendelea kwa saa kadhaa kupanga orodha za mafaili na kupokea nyongeza. Programu za kuendeshea vifaa huweza kubadilishwa, na mipango ya kuokoa umeme huweza kurudi katika hali ya mwanzo. Kwa kuwa vyanzo ni vingi, mwalimu hana budi kufuata utaratibu, tena abadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Akibadilisha mambo matatu kwa pamoja, hata kasoro ikiisha hatajua dawa ilikuwa ipi.

Hatua ya kwanza: chomeka kipanya chenye waya. Kikichelewa nacho, yaelekea kompyuta yenyewe imeelemewa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone ni programu ipi inayotumia nguvu nyingi. Kumbuka kwamba Windows 11 huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4 kwa uchache. Mashine yenye kiasi hicho tu huchoka upesi. Kipanya cha waya kikienda vizuri, endelea na hatua zifuatazo.

Hatua ya pili: badilisha betri, kisha jaribu.

Hatua ya tatu: ondoa diski ya nje na flashi zilizo karibu na kipokezi. Kipokezi kikiwa nyuma ya sanduku la chuma, kihamishie mbele, au kitoe nje kwa waya mfupi wa kurefushia, kikae mezani mbele ya mtumiaji. Waya huo ni rahisi kuliko kibodi mpya.

Hatua ya nne: zima Wi-Fi ya kompyuta kwa dakika chache. Hali ikitengemaa, jaribu kutumia mawimbi ya gigahezi 5 kwa Wi-Fi, ikiwa rauta na kompyuta vinaweza.

Hatua ya tano: fungua orodha ya vifaa vya kompyuta, tafuta matundu ya USB au Bluetooth, na uondoe ruhusa ya kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Kisha weka programu ya kuendeshea kifaa iliyotolewa na mtengenezaji wake.

Ikiwa yote hayo yameshindikana, Windows 11 kwa kawaida huruhusu kurudi katika mfumo wa awali ndani ya siku 10 tangu kubadilishwa.

Ipo pia kasoro moja inayowahusu watoto hasa. Kibonye cha Shift cha kulia kikishikiliwa kwa sekunde 8, Windows huuliza kama mtumiaji anataka kuwasha uchujaji wa vibonye. Mtoto aliyeegemeza kidole, akikubali bila kusoma, huifanya kompyuta ipuuze mibonyezo mifupi. Kibodi ya waya nayo huathirika vivyo hivyo. Dawa yake ni kuuzima uchujaji huo katika mipangilio.

Katika kufundisha, mwalimu asiitengeneze kompyuta kwa siri kabla ya kipindi. Achore ubaoni safu tatu: Tulichobadilisha, Tulichotarajia, Tulichoona. Wanafunzi wapendekeze jambo la kujaribu, watabiri matokeo, na mmoja wao aandike sentensi ileile kila mara ili ulinganisho uwe wa haki. Hata jaribio lisilofaulu liandikwe, kwa maana limepunguza vyanzo vinavyoshukiwa.

Zoezi kwa wanachuo: Tayarisheni somo la kipindi kimoja kwa darasa la tano lenye kompyuta moja. Wekeni diski ya USB 3.0 karibu na kipokezi, kisha iondoeni. Andikeni tofauti mliyoiona, hata kama ni ndogo au haipo, na mweleze mtamwambia nini mwanafunzi aliyetabiri kinyume cha matokeo.