Virai vya Kipimo na Nomino Zisizohesabika: Tatizo la Mwanafunzi wa Kiingereza Wilayani Same

1.0 Utangulizi

Vitabu vya sarufi ya Kiingereza vitumiwavyo na wanafunzi wa sekondari aghalabu huwa na orodha mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni ya nomino zisizohesabika. Ya pili ni ya virai vya kuzipimia, kama “a bar of soap”, “a sheet of paper” na “a piece of advice”. Mwanafunzi hutakiwa kuzikariri zote mbili. Orodha hizo zingeweza kupewa mwanafunzi wa Madrid bila kubadilishwa hata neno moja, na huko nako zingekuwa na kasoro ileile: zinaeleza Kiingereza kilivyo, lakini hazisemi lolote kuhusu lugha aliyo nayo mwanafunzi kabla ya kuingia darasani. Makala haya yanamchunguza mwanafunzi wa wilaya ya Same, ambaye aghalabu huzungumza Chasu nyumbani, amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na anapoingia kidato cha kwanza hulazimika kusoma karibu masomo yote kwa Kiingereza. Dai la msingi ni kwamba mwanafunzi huyu hana upungufu wa virai vya kipimo. Anavyo tele. Tatizo lake ni kwamba Kiswahili kina njia nyingine za kuitenga kitu kimoja kutoka katika jumla, na pale njia hizo zinapotumika kirai cha kipimo hakihitajiki.

2.0 Muundo wa Kirai cha Kipimo

Katika soko la Same, au katika magulio ya Hedaru na Makanya, bidhaa hutajwa pamoja na kipimo chake: debe la mahindi, sado ya nyanya, fungu la vitunguu, chane ya ndizi, kibaba cha mchele. Baadhi ya vipimo hivi vina historia yake. Debe lilikuwa bati la mafuta ya taa la lita zipatazo 20. Sado ni kopo la lita 4 lililopata jina kutokana na rangi ya Sadolin. Wala kipimo si lazima kiwe chombo. Katika bonde la Makanya maji ya kumwagilia hukusanywa katika ndiva, yaani mabwawa ya jadi ya Wapare, kisha hugawiwa wakulima kwa zamu. Hapo maji hupimwa kwa muda.

Kisarufi, virai hivi vyote vina muundo mmoja. Tuchukue mifano ifuatayo:

(1) Debe moja la mahindi limeuzwa.
(2) Ndoo mbili za maji zimemwagika.
(3) Gunia kubwa la tangawizi mbichi limefika kutoka Mamba.

Katika (2) kilichomwagika ni maji, lakini kitenzi kimechukua upatanisho wa ndoo. Katika (3) kivumishi “kubwa” ni cha gunia na “mbichi” ni cha tangawizi, na hakuna msemaji awezaye kuvibadilishana. Neno kuu, basi, ni kipimo. Kitu kinachopimwa hufuata baada ya kiunganifu -a. Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo kwa “of”. Ndiyo maana mwanafunzi wa Same haoni taabu kuandika “two buckets of water” au “three kilos of sugar”. Muundo huo amekuja nao shuleni.

Mfano wa chane ya ndizi unafaa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa ndizi huhesabika. Kuwapo kwa kirai cha kipimo si ushahidi kwamba nomino haihesabiki. Vitabu vingi havilisemi jambo hili waziwazi, na matokeo yake ni mwanafunzi kudhani kwamba kila nomino iliyotanguliwa na “of” ni ya kundi moja na maji.

3.0 Mahali Kosa Linapozuka

Wachunguzi wa Kiingereza cha Afrika ya Mashariki, akiwamo Josef Schmied katika kitabu chake cha mwaka 1991, wameonyesha kuwa wasemaji huongeza alama ya wingi katika nomino ambazo Kiingereza sanifu hakizihesabu. Maumbo kama “informations”, “furnitures” na “equipments” yanajulikana na kila mwalimu. Lililo muhimu ni kuuliza kwa nini kosa hili haliigusi sukari wala unga.

Jibu limo katika ngeli. Habari, sabuni, karatasi, chaki na kazi zote ni za ngeli ya I-ZI, ambamo umbo la nomino halibadiliki na idadi huonekana katika upatanisho tu: habari hii, habari hizi, sabuni moja, sabuni mbili. Mnunuzi akiomba sabuni mbili hupewa miche miwili, na neno “mche” halikuhitajika. Upatanisho umekwisha kuifanya kazi ambayo Kiingereza huiachia “bar”. Mwanafunzi anayeandika “two soaps” ameuhamisha wingi kutoka mahali pasipoonekana kwenda mahali panapoonekana, na kwa mantiki ya lugha yake hajakosea.

Njia ya pili ni kiambishi. Nomino za ngeli ya U-ZI huwa na umoja unaotenga kitu kimoja katika jumla: kuni na ukuni, nyasi na unyasi, nywele na unywele. Kwa ukuni Kiingereza husema “a piece of firewood”, na kwa unyasi “a blade of grass”. Kiambishi kimoja cha Kiswahili ni sawa na kirai kizima. Kwa kuwa nywele ni wingi kisarufi, “her hairs are long” ni tafsiri aminifu ya “nywele zake ni ndefu”. Ugumu huongezeka kwa sababu “two hairs” ni sahihi pale nywele zinapohesabiwa mojamoja.

Ziko pia nomino za MA- zisizo na umoja: maji, maziwa, mafuta, maarifa. Hizi huchukua upatanisho wa wingi daima, na “these knowledge” hutokana na “maarifa haya”.

Makosa haya hayaishii katika somo la Kiingereza. Mtahiniwa wa kidato cha nne anayeandika “two papers” akikusudia karatasi mbili ametaja mitihani miwili. Na “two works” huweza kueleweka kama kazi mbili za sanaa.

4.0 Neno “Kipande”

Walimu wengi hufasiri “piece” kuwa kipande. Fasiri hii ina madhara. Kipande ni sehemu iliyokatwa au kuvunjika kutoka katika kitu kizima: kipande cha mkate, kipande cha mti. “A piece of furniture”, hata hivyo, ni meza nzima au kabati zima. Mwanafunzi aliyefundishwa “kipande cha samani” huona mguu wa kiti uliovunjika, na kwa haki hukataa kulitumia neno hilo kwa kiti kizima. Ingefaa zaidi aambiwe kuwa “piece” hapo lina kazi ileile ya u- katika ukuni: hutenga kimoja, halikati.

5.0 Suala la “Ushauri”

Maelezo yaliyotolewa hayatoshi kwa “advices”. Mspanyola husema “consejo” kwa umoja na “consejos” kwa wingi, hivyo kosa lake lina chanzo dhahiri katika lugha yake. Kiswahili hakimpi mwanafunzi wa Same kisingizio hicho. Ushauri hauhesabiki: husemwa ushauri mwingi, wala hakuna wingi wake. Shauri na mashauri yapo, lakini siku hizi maneno hayo yameelemea zaidi upande wa kesi na mambo yanayojadiliwa. Yamkini chanzo ni Kiingereza chenyewe, kwa kuwa mwanafunzi amekwisha kujifunza “ideas” na “suggestions”, naye hana sababu ya kudhani kwamba neno la tatu lenye maana jirani litakuwa na tabia tofauti. Iwapo ni hivyo, “advices” na “two soaps” ni makosa ya aina mbili, na mwalimu anayeyasahihisha kwa kanuni moja atafaulu kwa sabuni tu.