KILA KITU KINA KIPIMO CHAKE

Jioni moja tulikuwa darasani hapa Kagunga tukisoma somo la mizani na vipimo. Kijana mmoja mvuvi akaingia amechelewa, ameshika tumbo. Mfukoni alikuwa na kopo la vidonge. Alilinunua mjini kwa mtu aliyemwambia kwamba vidonge hivyo huongeza nguvu za kuvuta nyavu. "Meza vitatu asubuhi, vitatu mchana na vitatu usiku," aliambiwa. "Ukizidisha ndiyo vizuri zaidi."

Alimeza siku tano. Tumbo likaanza kumsokota, akaharisha, akakosa kwenda ziwani masiku mawili. Wenzake walivua na kuuza, yeye amelala nyumbani. Fedha ya kopo imekwenda, na fedha ya dagaa imekwenda pia.

Tulilisoma kopo lile pamoja. Liliandikwa: Lisini 1000 mg. Kijana aliisoma namba 1000 bila taabu, lakini herufi mbili zilizofuata hakuzijua. Mama mmoja akamwambia, "Mwanangu, umemeza usichokisoma." Watu walicheka, lakini neno lile lilituingia sote. Ndiyo maana leo tunaandika somo hili.

Lisini ni nini?

Lisini ni mojawapo ya asidi amino. Basi asidi amino nazo ni nini? Tufikirie nyumba ya matofali. Nyumba ni mwili wetu, ukuta ni protini, na kila tofali ni asidi amino. Tukila dagaa, maharage, mayai au nyama, tumbo huibomoa ile protini na kuifanya matofali. Kisha mwili huyatumia matofali hayo kujenga misuli, damu, ngozi na nywele.

Asidi amino zinazojenga protini zetu ni aina 20. Kati ya hizo, aina 9 mwili hauwezi kuzitengeneza. Ni lazima zitoke katika chakula. Lisini ni mojawapo ya hizo 9. Nyingine ni leusini, methionini na triptofani. Majina ni magumu, lakini tusiyaogope. Hata neno "kisomo" lilikuwa gumu siku ya kwanza.

Tukipungukiwa tunaumia

Watu wengine husema, "Kama vidonge vina madhara, basi hizo asidi amino ni mbaya." Sivyo. Kuzikosa ni hatari kubwa.

Tuchukue mfano wa muhogo, chakula chetu cha kila siku. Muhogo mchungu una sumu iitwayo sianidi. Tukiuloweka siku kadhaa mpaka ulainike, kisha tukauanika hadi ukauke kabisa, sumu nyingi hutoka. Sumu kidogo inayobaki huvunjwa na mwili wenyewe. Lakini kwa kazi hiyo mwili unahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka katika asidi amino kama methionini, ambayo imo kwa wingi katika samaki.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime mkoani Mara ilipatwa na ugonjwa uitwao konzo. Chakula kilikuwa haba. Watu walikula muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka, na hawakuwa na kitoweo cha kutosha. Walioathirika zaidi walikuwa akina mama na watoto. Miguu ilikakamaa ghafla na haikupona. Konzo haina dawa mpaka leo.

Basi dagaa aliye pembeni ya ugali wa muhogo si wa kunogesha tu. Ni mlinzi. Lakini tusije tukasema, "Kwa kuwa kuna dagaa, hatuna haja ya kuloweka muhogo." Yote mawili ni lazima.

Tukizidisha tunaumia pia

Wazee husema, ngoma ikivuma sana hupasuka. Wengi wetu tunaikumbuka Mei 2015. Maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijaa katika ufuko wetu, na kipindupindu kikazuka. Wakati ule wengi tulijifunza kuchanganya dawa ya chumvi na sukari ya kumpa anayeharisha. Pakiti imeandikwa: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Mtu akitia pakiti tatu katika lita moja, hapati dawa mara tatu. Anapata maji makali ya chumvi ambayo yanaweza kumdhuru mtoto. Dawa ni ileile, ila kipimo kimeharibika.

Asidi amino nazo ziko hivyo. Mwili hauna ghala la kuzitunza zile za ziada. Zikizidi, ini huzivunja. Katika kuvunja hutoka amonia, ambayo ni sumu. Ini huigeuza amonia kuwa yurea, yaani kitu kilekile kilichomo katika mbolea ya yurea tunayoiona dukani. Kisha figo huitoa yurea kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo anayemeza vidonge vingi analipa fedha, analichosha ini, anazichosha figo, halafu mali yote inakwenda chooni.

Kikomo ni kiasi gani?

Wataalamu wamejaribu kutafuta kikomo, yaani kiasi ambacho mtu mzima mwenye afya asikipite kwa siku moja. Mwaka 2012 watafiti wa Kanada walitoa majibu ya kazi yao juu ya leusini. Waliwapa wanaume vijana wenye afya leusini kidogo, kisha wakaongeza hatua kwa hatua huku wakipima damu. Kiasi kilipopita miligramu 500 kwa kila kilo moja ya uzito wa mtu, amonia ikaanza kupanda katika damu. Hapo wakaweka alama: ini limefika mwisho wa uwezo wake.

Hivi ndivyo vipimo vya siku moja kwa mtu mzima wa kilo 70:

Leusini: anahitaji karibu gramu 2.7, kikomo gramu 35.
Lisini: anahitaji karibu gramu 2.1, kikomo gramu 6.
Triptofani: anahitaji karibu gramu 0.3, kikomo gramu 4.5.
Methionini: anahitaji karibu gramu 0.7, kikomo gramu 3.2.

Kikomo cha leusini kinahesabu pamoja na chakula. Vile vingine vitatu vinahesabu vidonge au unga peke yake.

Tazameni vizuri. Kila moja ina kikomo chake. Mtu hawezi kuchukua kikomo cha leusini akakitumia kwa methionini, kwa sababu atazidisha zaidi ya mara kumi. Tena kikomo si kipimo cha kukifikia. Ni kama ukingo wa mtumbwi. Tunajua ulipo ili tusiuvuke, si ili tukae juu yake.

Jambo jingine: vikomo hivi ni elimu changa. Vilipimwa kwa watu wazima wachache wenye afya, kwa muda mfupi. Si vya watoto, wala wajawazito, wala wagonjwa.

Mambo mawili yaliyotokea Marekani

Huko Marekani watu wengi humeza vidonge vya namna hii, kwa hiyo madhara yake yameonekana huko zaidi. Tuyatazame mawili.

La kwanza ni la mwaka 1989. Watu waliokuwa wakimeza triptofani ili wapate usingizi walianza kuumwa misuli kwa maumivu makali. Waliougua walikuwa zaidi ya 1,500, na zaidi ya 30 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba vidonge vingi vilitokana na kiwanda kimoja cha Japani, na vilikuwa na uchafu ulioingia wakati wa kutengenezwa. Tunajifunza nini? Hata mtu akijua kipimo, hajui kilichomo ndani ya kopo.

La pili ni la mwaka 2006. Asidi amino nyingine iitwayo arginini ina kikomo cha gramu 30 kwa mtu mzima mwenye afya. Wagonjwa waliokuwa wamepata shambulio la moyo walipewa gramu 9 tu kwa siku, ili ijulikane kama itawasaidia. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Katika kundi la arginini walikufa watu 6. Katika kundi la pili hakufa hata mmoja. Utafiti ukasimamishwa. Basi kikomo cha mtu mzima mwenye afya si kikomo cha mgonjwa.

Jifunze kusoma kopo

Turudi kwa kijana wetu. Herufi "g" maana yake ni gramu. Herufi "mg" maana yake ni miligramu. Miligramu 1000 ni sawa na gramu 1. Kidonge kimoja kilikuwa na gramu 1 ya lisini. Alimeza vidonge 9 kwa siku, yaani gramu 9. Kikomo ni gramu 6. Wataalamu waliona kwamba lisini ikizidi hapo, tumbo huchafuka na mtu huharisha. Hakurogwa, wala ziwa halikumchukia. Alizidisha kipimo.

Ukishika kopo, uliza maswali haya:

1. Ndani mna kitu gani? Soma jina lake.
2. Ni gramu au miligramu?
3. Kiasi kilichoandikwa ni cha kidonge kimoja au cha vidonge viwili vitatu?
4. Mwisho wa matumizi ni tarehe gani?
5. Nani ameniambia nitumie? Ni mganga wa zahanati, au ni muuzaji?

Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula husimamiwa na TBS, na dawa husimamiwa na TMDA. Kama kopo halisomeki, usilimeze. Lipeleke zahanati lisomwe.

Hesabu ya sahani

Kijana alituuliza, "Sasa nguvu nitapata wapi, Mwalimu?" Tulimjibu kwa hesabu. Mtu mzima anahitaji gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 kwa siku. Tupange sahani za siku moja:

Dagaa wakavu gramu 50: protini gramu 25 au zaidi.
Maharage makavu gramu 100: protini gramu 20 au zaidi.
Unga wa muhogo gramu 300: protini karibu gramu 5.
Jumla: gramu 50.

Hesabu imetimia, na kopo halimo. Asidi amino zote 9 zimo humo kwa mpangilio mzuri. Maharage yana lisini nyingi lakini methionini kidogo. Dagaa huziba pengo hilo. Wakati wa mbalamwezi dagaa hupungua, kwa sababu taa zetu haziwavuti ziwa likiwa na mwanga. Basi tuweke akiba ya dagaa wakavu na maharage kabla mwezi haujakua. Tena tusiuze dagaa wote, watoto wakabaki na ugali na mchuzi mtupu.

Wafuatao wasimeze vidonge hivi bila daktari: watoto, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye ugonjwa wa figo, ini au moyo, na wanaotumia dawa nyingine.

Kijana aliacha vidonge, tumbo likatulia, akarudi ziwani. Kopo lake tunalo darasani. Sasa ni chombo cha kufundishia.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kijana alizidi kikomo cha lisini kwa gramu ngapi?
2. Kikomo cha leusini ni miligramu 500 kwa kila kilo ya mtu. Mtu wa kilo 50 asipite gramu ngapi kwa siku?
3. Kwa nini dagaa hawawezi kuwa badala ya kuloweka muhogo?
4. Nyumbani kwenu, nani hupata dagaa kidogo kuliko wengine? Kwa nini?

Majibu ya hesabu: swali la 1, gramu 3. Swali la 2, gramu 25. Maswali mengine jibuni wenyewe, na la 4 jibuni kwa ukweli.