Pilau ya nyumbani au chakula cha ufukweni?

SWALI: Jumapili tunawapeleka watoto Coco Beach. Mume wangu anataka tule hukohuko. Mimi nataka kubeba pilau. Nani yuko sahihi?

JIBU: Beba, dada, ila pilau ina hila zake. Mchele una bakteria wasiokufa hata ukichemshwa. Wali ukipoa polepole kwenye joto la Dar, bakteria hao huzaliana na kutoa sumu isiyoondoka kwa kupasha moto. Itie kwenye hotipoti ikiwa bado inafuka mvuke, na muile mapema. Ikikaa vuguvugu zaidi ya saa mbili, mwaga. Chapati, karanga na ndizi hazina usumbufu huo. Mihogo na mishikaki nunueni palepale, ikitoka jikoni. Kwenda Coco bila kula mihogo ni kujinyima bure. Hapo mumeo ameshinda.