Kobe wa Kale na Kigae cha Shambani

Ndugu mkulima wa Keumbu, umepata kumtazama kobe wa maji, yule wa madimbwini? Ukimgusa, harudishi kichwa nyuma moja kwa moja kama kobe wa nchi kavu. Hukunja shingo kando na kukificha kichwa chini ya ukingo wa gamba. Desturi hiyo ni ya kale mno. Kaskazini mwa Malawi, katika mawe yenye mifupa ya dinosaria, yalipatikana magamba ya kobe wa maji baridi wa kundi hilohilo. Bwana Haughton alimpa jina Platycheloides nyasae mwaka 1928. Aliishi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, naye amekwisha kabisa duniani.

Mabaki yake yalidumu kwa sababu gamba la kobe ni mfupa mnene. Kobe akifa mtoni, tope humfunika upesi. Nyama huoza, madini ya maji huingia katika mfupa, nao hugeuka jiwe.

Usichimbe Keumbu kumtafuta. Miamba yetu ilitokana na volkano, tena ni ya kale kupita kiumbe yeyote mwenye mifupa. Lakini Mto Gucha, unaochukua udongo wa milima yetu, huingia Ziwa Viktoria upande wa Karungu, na huko mambo ni mengine. Mwaka 1911 Dk. Felix Oswald alikusanya mifupa ya kale Karungu, na mwaka 1914 kobe mmoja wa maji aliyetoka huko aliitwa Cycloderma victoriae. Huyo si wa zamani za dinosaria. Ni wa miaka milioni 17 au 18 hivi.

Basi wewe mwenye shamba au jamaa upande wa ziwa, angalia korongo baada ya mvua. Kipande cha gamba hufanana sana na kigae cha chungu, na wengi hukitupa. Tazama ukingo: wa gamba mara nyingi una meno kama msumeno, pale mifupa ilipoungana, na palipovunjika pana vitundu kama vya mkate. Kigae hakina meno hayo.

Ukikiona, usikipige jembe wala usikiuze. Kiache palepale, weka alama, umwambie Chifu apeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa. Sheria ya mwaka 2006 yataka Makumbusho yajulishwe. Kikishaondolewa mahali pake, wataalamu hawawezi tena kujua kilitoka tabaka gani la udongo, na umri wake hupotea.